Kinga za Raba za Porini: Namna ya Kuzipima, Kuzichagua na Kuzitunza kwa Ardhi ya Mombasa

Mombasa haina milima ya kutisha, ndiyo maana wengi hudhani raba ya lami inatosha kila mahali. Haitoshi. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya jiwe la matumbawe ya kale, jiwe lilelile ambalo Wareno walijengea Fort Jesus kuanzia 1593. Mvua na maji ya chumvi hulila jiwe hili kwa kulitoboatoboa, mpaka uso wake unakuwa kama meno ya mbuzi ya kukunia nazi. Mguu ukitua hapo kwa mwendo wa mbio, soli laini hupitisha kila ncha hadi unyayoni, na kitambaa cha ubavuni hukatika mapema kuliko kitu kingine chochote kwenye kiatu.

Raba ya porini huja na kinga kadhaa: bamba la chini, sponji, meno ya soli, kinga ya vidole, mkanda wa ubavuni, ulimi ulioshonewa pembeni. Kila moja ina adui wake, na maandishi ya kwenye boksi hayakwambii ipi ni ya kweli na ipi ni mapambo. Mikono yako ndiyo itakayokwambia. Karibu vipimo vyote vilivyo hapa vinafanyika dukani, au mbele ya rundo la mitumba pale Kongowea, kwa kalamu na dakika kumi.

Anza na ardhi

Kabla ya kushika kiatu, jiulize unakimbilia wapi mara nyingi. Kingo za jiwe za pwani, kama upande wa Likoni kuelekea Shelly Beach, zinataka kinga ya chini na ya ubavuni. Misitu ya mivinje ya Bamburi, iliyopandwa kuanzia 1971 kwenye machimbo yaliyokuwa yakitoa mawe ya saruji, ina mabonge ya matumbawe yaliyofunikwa na majani ya mvinje: juu panaonekana laini, chini kuna jiwe lisiloonekana. Kwenye nyasi na vichaka, kama vile upande wa Nguuni, adui ni mbigili na miiba. Shimba Hills kuna udongo unaoteleza, mizizi na miteremko, na njia ya kwenda maporomoko ya Sheldrick hupitwa kwa kusindikizwa na askari wa wanyamapori kwa sababu ya tembo. Mikoko ya Tudor na Mikindani ina tope, mizizi ya kupumulia iliyosimama wima kama vijiti, na chaza walioganda maweni na mashinani, ambao makombe yao yana makali ya wembe.

Nunua kwa ajili ya ardhi unayoikanyaga kila wiki. Kiatu cha meno marefu kilichonunuliwa kwa safari moja ya Shimba kitakutesa miezi kumi na mmoja iliyobaki juu ya jiwe kavu.

Na jambo moja lieleweke mapema: hakuna kinga inayokupa ruhusa ya kukimbia juu ya mwamba wakati maji yamekupwa. Matumbawe hai hufa yakikanyagwa, na mbele ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1986. Kimbia mchangani au kwenye jiwe kavu la ukingo.

Hatua ya kwanza: tafuta bamba

Bamba ni kipande chembamba cha plastiki ngumu, mara nyingi cha unene wa milimita 1 hivi, kinacholazwa kati ya soli ya mpira na sponji, au katikati ya sponji yenyewe. Kazi yake ni kuchukua msukumo wa ncha moja na kuutawanya kwenye eneo pana. Jiwe bado utalihisi, lakini utalihisi kama kitu bapa.

Kulipima, toa kwanza soli ya ndani. Ingiza mkono wa kushoto ndani ya kiatu, vidole vilale pale panapokaa kifundo cha kidole gumba cha mguu. Kwa mkono wa kulia, chukua kalamu na usukume kitako chake kutoka chini, kwenye nafasi iliyo kati ya meno ya soli. Usisukume juu ya jino, kwa sababu jino lenyewe litakudanganya. Kama vidole vya ndani vinahisi nukta ndogo ikiinuka, hakuna bamba. Kama vinahisi sehemu pana ikiinuka kidogo, au havihisi kitu, bamba lipo, au sponji ni nene sana. Rudia kila baada ya sentimita mbili ukielekea kisiginoni. Raba nyingi zina bamba la mbele tu, linaloishia kabla ya upinde wa mguu. Hilo si kasoro: mkimbiaji wa porini hukanyaga jiwe zaidi kwa sehemu ya mbele, na kisigino kina sponji nene zaidi. Kasoro ni bamba linaloishia nyuma ya vidole. Fuatilia kalamu hadi ncha ya kiatu uone.

Sasa kunja kiatu. Shika kisigino na ncha, usogeze pamoja. Kinapaswa kukunjika pale vidole vya mguu vinapokunjika. Kikikunjika katikati, kwenye upinde, jua muundo wake ni dhaifu, na bamba, kama lipo, halikusaidii. Kisha kisokote kama unavyokamua nguo. Kwa jiwe la matumbawe, lenye mashimo mashimo, kiatu kigumu kupita kiasi hakifai pia, maana soli isiyojisokota kidogo hukaa juu ya ncha mbili tu na kuyumba. Tafuta kile kinachosokotika kwa nguvu ya wastani.

Baadhi ya raba hazina bamba, zinategemea unene wa sponji. Sponji ya milimita 30 au zaidi chini ya kisigino hutuliza ncha vizuri ikiwa mpya. Tatizo lake Mombasa ni mawili. Inakuinua, na ukikanyaga ukingo wa shimo kifundo cha mguu kinapinduka kutoka juu zaidi. Halafu sponji huchoka: baada ya kilomita 500 hadi 800 inakuwa imelala, na kinga imeondoka bila kiatu kuonekana kibovu. Bamba halichoki namna hiyo. Kwa jiwe la pwani, tunapendelea sponji ya wastani yenye bamba kuliko godoro lisilo na bamba.

Kutengeneza bamba nyumbani

Raba nzuri isiyo na bamba haihitaji kutupwa. Tafuta plastiki laini-ngumu ya unene wa milimita 1, kama ubavu wa mtungi wa zamani au ubao mwembamba wa plastiki wa kukatia mboga. Plastiki kavu inayopasuka ukiikunja haifai.

Toa soli ya ndani, ilaze juu ya plastiki, chora mbele yake: kuanzia ncha hadi sentimita 2 nyuma ya kifundo cha kidole gumba. Kata milimita 3 ndani ya mstari pande zote, ili kingo zisisuguane na kitambaa. Viringisha pembe. Piga msasa kingo hadi ukipitisha kidole usihisi ukali wowote. Hatua hii watu huiruka, kisha plastiki inakata kitambaa kutoka ndani. Chovya kipande kwenye maji ya moto sana kwa dakika moja na ukibonyeze ndani ya kiatu kikiwa bado laini, kishike umbo. Kiweke chini ya soli ya ndani, kamwe si juu yake, na kikamatishe kwa utepe wenye gundi pande mbili ili kisisogee mbele.

Vaa, tembea nusu saa. Ukisikia mstari chini ya unyayo pale plastiki inapoishia, punguza unene wa ukingo huo kwa msasa, ushuke kama mteremko. Ukiona vidole vimebanwa, kiatu hakina nafasi ya milimita hiyo moja, na bora uache.

Hatua ya pili: vidole

Ncha ya kiatu ndiyo inayopiga mzizi na jiwe. Kinga bora ni ile ambayo mpira wa soli wenyewe umepandishwa mbele na kufunika ncha kwa sentimita moja na nusu au mbili. Inayofuata kwa ubora ni kofia ya plastiki iliyoshonwa au kuunganishwa kwa moto. Ya chini kabisa ni utando mwembamba uliobandikwa juu ya kitambaa. Huo unazuia mikwaruzo tu.

Bonyeza ncha kwa kidole gumba kutoka mbele, kwa nguvu. Ikiingia ndani hadi pangekuwa ukucha, haikukingi. Kisha angalia mshono ambapo kinga inakutana na soli: ukucha wako ukiingia kwenye ufa, gundi imeanza kuachia, na mchanga utamalizia.

Hata hivyo kucha nyingi nyeusi hazitokani na kujikwaa. Zinatokana na kiatu kifupi: kwenye mteremko mguu unateleza mbele na ukucha unagonga ukuta wa kofia hiyo ngumu mara maelfu. Kadiri kinga inavyokuwa ngumu, ndivyo nafasi inavyohitajika zaidi. Acha upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu cha mguu, na pima kiatu jioni, ukiwa umevaa soksi za kukimbilia, kwa sababu kwa joto letu miguu huvimba kadiri siku inavyosogea.

Hatua ya tatu: ubavu

Hapa ndipo raba nyingi zinapofia Mombasa, na ndipo wanunuzi wasipotazama. Kiangalie kiatu pale panapokaa kidole kidogo, sehemu inayokunjika kila hatua. Kitambaa kinakunjwa, punje za mchanga zinaingia kwenye mkunjo, na kila hatua zinasaga nyuzi kama jiwe la kunolea. Likija jiwe la matumbawe likapita hapo mara moja, pasuka.

Unachotafuta ni mkanda wa plastiki au mpira unaozunguka mguu juu kidogo ya soli, wenye kimo cha sentimita moja au zaidi, usiokatika pale kwenye mkunjo. Baadhi ya watengenezaji huuacha wazi hapo ili kiatu kikunjike kwa urahisi. Kwa lami ni sawa, kwa jiwe letu si sawa. Shika mkanda kwa ukucha na ujaribu kuuinua. Ulioshikana kwa moto hauinuki. Uliobandikwa kwa gundi tu unaanza kufunguka kwenye kona.

Ukiwa na raba isiyo na mkanda, fundi viatu anaweza kushona kipande cha ngozi laini au turubai juu ya sehemu hiyo kabla haijapasuka. Mwambie asishone mstari uliovuka mkunjo, bali auzunguke, maana matundu ya sindano kwenye mkunjo ndiyo yatakayokuwa mwanzo wa ufa.

Hatua ya nne: meno na mpira

Kwa jiwe kavu na udongo mgumu, meno ya milimita 3 hadi 4 yanatosha. Kwa tope la masika, 5 hadi 6. Meno marefu juu ya jiwe hupinda, hung'oka kwenye mashina, na hukusanya uzito wote kwenye nukta chache ambazo utazihisi unyayoni. Meno yaliyoachana sana hutema tope vizuri lakini huruhusu ncha ya jiwe kuingia katikati na kugusa soli tupu, kwa hiyo kiatu cha namna hiyo kisicho na bamba hakifai ukingo wa pwani.

Mpira laini hushika jiwe lililolowa, na huisha haraka. Mpira mgumu hudumu, na huteleza. Bonyeza jino kwa ukucha: likibaki na alama kidogo kisha likarudi, ni laini, lisipopokea ukucha, ni gumu. Kwa mitumba kuna hatari nyingine: mpira uliozeeka umekauka na kung'aa, na unateleza hata kama meno yamebaki marefu. Paka mate kidogo kwenye soli na uisugue kwa kidole gumba. Kama kidole kinapita kama kwenye kioo, weka chini.

Jiwe lenye mwani wa kijani, hasa siku za bamvua maji yakirudi mbali na kuacha ukingo umelowa, halishikwi na mpira wowote. Hapo tembea.

Hatua ya tano: mchanga, miiba na maji

Vuta ulimi upande mmoja utazame. Kama umeshonewa kitambaa pande zote mbili hadi karibu na matundu ya juu ya kamba, mchanga hauna mlango. Kama uko huru, basi kila mbio za ufukweni zitamalizika na nusu kijiko ndani ya soksi. Halafu inua kitambaa cha juu kwenye mwanga. Ukiona nuru inapenya kwa vitundu vinavyoonekana mmoja mmoja, mchanga wetu laini utapita humohumo.

Kinga ya ziada ni kifuniko cha mdomo wa kiatu. Kinauzwa, lakini soksi ndefu ya zamani inafanya kazi hiyo. Kata sehemu ya unyayo, ubaki na bomba la urefu wa sentimita 15. Pinda ukingo wa chini sentimita moja na ushone kwa uzi wa nailoni. Mbele, shona kikulabu kidogo cha waya, kiingie kwenye kamba ya chini kabisa. Nyuma, shona kipande cha velkro cha sentimita 3, na mwenzake ubandike kisiginoni kwa gundi ya viatu. Kifuniko hiki huzuia mchanga na mbegu za nyasi, na hupunguza siafu na upupu kwenye vifundo. Hakizuii upupu uliokomaa ukipita kichakani katikati yake; huko usipite.

Kuhusu utando usiopitisha maji, ushauri wetu ni mmoja: usinunue kwa Mombasa. Utando huo unafaa zaidi nchi za baridi, ambako adui ni umande na theluji. Hapa maji huingia kwa juu, kutoka kwenye dimbwi au wimbi, na yakishaingia hayana pa kutokea. Jasho nalo hubaki. Ngozi ya mguu inalowa, inalegea, na malengelenge yanafuata. Unachotaka ni kiatu kinachotema maji. Ukishanunua, pima nyumbani: mimina robo lita ya maji ya bomba ndani, vaa, tembea hatua ishirini. Kikiendelea kulia chwa-chwa baada ya hapo, soli ya ndani inanyonya maji. Ibadilishe kwa nyembamba yenye matundu.

Miiba ni habari nyingine. Mwiba mrefu wa mgunga hupenya sponji bila shida, na bamba huusimamisha mbele tu. Mara nyingi unavunjika ndani ya soli, haukuchomi siku hiyo, kisha unasafiri polepole kila ukikanyaga hadi utokeze baada ya wiki. Kwa hiyo baada ya kila mbio za vichakani toa soli ya ndani, igeuze, uitazame chini yake kwa macho kabla ya kupapasa kwa kidole. Doa dogo au kijinundu kinakuonyesha mahali. Chomoa mwiba kutoka chini kwa koleo, kwa kuuvuta wima. Ukivunjika tena, usukume kutoka ndani kwa msharasi, ile sindano nene ya fundi viatu.

Kupima mitumba

Raba za mtumba zina kinga nzuri kwa bei ya chini, ila zimekaa ghalani na melini muda usiojulikana, na unyevu huvunja gundi na baadhi ya sponji. Kunja ncha kwa nguvu mara kumi, kisha tazama mstari wa soli kuzunguka kiatu chote. Ufa mdogo unaweza kurekebishwa. Sponji inayomeguka kama keki kavu haina dawa. Weka raba zote mbili mezani, zitazame kutoka nyuma: zikiinamia ndani au nje, mwenyewe wa kwanza alizikanyagia upande, nawe utapinduka upande huohuo. Tazama ubavu wa sponji: mikunjo midogo ya mlalo, mingi na ya kudumu, inamaanisha imelala. Mwisho, papasa ndani ya kisigino. Kitambaa kikiwa kimetoboka hadi plastiki, kitakuchubua kabla ya kilomita ya tatu.

Kutunza

Chumvi ikikauka inakuwa punje, na punje hukata nyuzi. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku ileile, ukilegeza kamba na kutoa soli ya ndani. Usitumie mashine wala maji ya moto. Jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa mbili, anika kivulini penye upepo. Jua la mchana juu ya paa la bati, au ndani ya gari lililofungwa, hulegeza gundi na kufanya sponji isinyae, na kinga ya vidole ndiyo ya kwanza kufunguka.

Ikifunguka, ipeleke kwa fundi mapema, ukiwa umeiosha na kuikausha kabisa. Gundi haishiki juu ya chumvi. Kazi sahihi ni hii: piga msasa pande zote mbili hadi mng'ao uondoke, futa vumbi, paka gundi nyembamba kila upande, subiri dakika kumi hadi kumi na tano hadi isinate kidoleni, kisha kandamiza kwa nguvu. Fundi akibandika gundi ikiwa bado mbichi, itafunguka tena. Akitaka kushona, uzi ulale ndani ya mfereji aliouchonga kwenye soli; uzi ulio nje utakatwa na jiwe siku ya kwanza. Iache saa 24 kabla ya kuivaa.